Mlinzi wa Binti Stallworth

Inatangazwa kwa wote wanaoishi kando ya mto Mississippi, kuanzia Saint Louis hadi New Orleans, wakubwa kwa wadogo, wenye meno na vibogoyo, kwamba hapa chini inasimuliwa habari ya mapenzi makuu kuliko yote yaliyowahi kuelea juu ya maji. Mapenzi yaliyomwaga damu, yaliyotikisa meli ya sitaha tatu, na ambayo yangestahili kuchongwa kwenye jiwe jeupe.

Kwa kweli yalidumu siku nne. Na damu ya mwanzo ilitoka kwenye pua moja tu.

Mwenye mapenzi hayo aliitwa Leander Quillen, na kazi yake ilikuwa kuwala watu karata. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, kizibao cha hariri ya zambarau, na mikono ambayo bibi harusi yeyote angeionea wivu. Mikono hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake na duka lake. Kila alipolala aliipaka mafuta ya nguruwe na kuivalisha glavu, na kila asubuhi alizisugua ncha za vidole kwa jiwe laini, ili aweze kukisikia kwa kugusa tu kitundu alichotoboa kwa pete yake kwenye kona ya kila ree. Karata zenyewe zilikaa baa, ndani ya karatasi yenye lakiri. Mteja alipoomba pakiti mpya, muuza baa, Gantt, alimpa ile aliyoletewa na Leander juzi, na mteja akaivunja lakiri kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna kinachomtuliza mjinga kama kuvunja lakiri.

Jumapili moja, mwaka wa sita baada ya vita vya Kaskazini na Kusini, meli ya mvuke Cordelia Vance ilifungua kamba Memphis, Leander akiwa ndani. Alikuwemo pia Verbena Stallworth, binti wa miaka ishirini na miwili, mwenye madoadoa puani na kofia pana kama sinia, akienda Natchez kufundisha watoto kinanda. Alikuwa peke yake. Sasa, kwenye meli za mto ule, mwanamke anayesafiri peke yake alipewa mlinzi. Nahodha alichagua bwana mmoja wa heshima kati ya abiria, kwa kawaida jaji au mchungaji, mtu wa mvi na maumivu ya tumbo, na bwana huyo alimsindikiza mezani, akatembea naye sitahani, na aliyemkosea binti alikuwa amemkosea yeye. Safari ile hapakuwa na jaji wala mchungaji. Na nahodha alikuwa mgeni, katoka mto Ohio majuzi tu. Alivitazama vizibao vya abiria kimoja kimoja, akasimama mbele ya kile cha zambarau.

"Bwana, una mke?"

"Sina, kapteni."

"Pombe?"

"Maziwa."

Kule kaunta, Gantt alipaliwa.

"Karata je?"

"Nimewahi kuona watu wengine wakicheza. Inasikitisha."

"Basi nakukabidhi Binti Stallworth mpaka Natchez. Tutafika Alhamisi adhuhuri."

Leander aliinama kwa adabu yake yote. Binti naye alimtazama, si usoni bali mikononi, akasema, "Bwana Quillen, hizo kucha unazifuga, au zinaota hivyo zenyewe?"

Akacheka. Si kicheko cha dharau. Na Leander, ambaye hakuna mwanamke aliyewahi kuitazama mikono yake bila kuushika mkoba wake vizuri, akaificha nyuma ya mgongo kama mvulana. Walipotia gati Helena, Jumatatu, alikuwa tayari ameshuka mbio kwenda kupiga telegramu kwa mchungaji mmoja wa Natchez: aje gatini Alhamisi adhuhuri, aje na kitabu, kuna harusi. Bibi harusi alikuwa hajaambiwa. Hilo Leander aliliona dogo. Alikuwa na siku tatu nzima za kumfanya akubali.

Kikwazo kilikuwa ukanda wa shaba.

Ukumbi mkubwa wa meli ulikuwa mmoja, mrefu kama barabara. Mbele walikaa wanaume, pamoja na baa, meza za karata na vyombo vya shaba vya kutemea tumbaku. Nyuma walikaa wanawake, na huko kulikuwa na zulia. Kati ya pande hizo mbili, sakafuni, palipigiliwa ukanda wa shaba, pazia likining'inia juu yake, na mwanamume asiye mume wala ndugu hakuuvuka, hata awe mlinzi. Leander alimfikisha binti hapo, akainama, binti akavuka, pazia likaanguka, naye akabaki amesimama kama mbwa kwenye mlango wa jiko.

Waliovuka ni majeruhi tu. Ukumbi wa mbele ulikuwa juu ya matangi ya mvuke, na tangu enzi za meli ya kwanza kulipuka, mtu aliyeumia alilazwa nyuma, mbali na moto, chini ya uangalizi wa Mama Tunstall, msimamizi wa chumba cha wanawake, ambaye alivuta kiko na kushona vidonda kwa uzi wa magunia. Jambo hili Leander alilijua. Lakini alikuwa hajalitafakari.

Jumatatu jioni chakula kilikuwa kambale wa kukaanga na mkate wa mahindi. Kengele ilipolia, wanaume wote walisimama nyuma ya viti vyao wakingoja wanawake waketi kwanza, kama ilivyo desturi. Wote isipokuwa mmoja. Hosea Pickrell, mtu wa mabega mapana aliyepandia Helena, Arkansas, siku hiyo, aliyekuwa akielekeza magogo mtoni hadi kwenye viwanda vya mbao, alikuwa amekaa. Si kukaa tu. Mkia wa kambale ulikuwa unaning'inia nje ya mdomo wake.

Moyo wa Leander uliruka kwa furaha. Siku nzima alikuwa akiomba mtu amkosee binti, na abiria walikuwa na adabu ya kuudhi.

"Bwana," alisema kwa sauti iliyofika hadi jikoni, "simama."

"Nani, mimi?" Pickrell akameza.

"Wanawake hawajaketi."

"Na waketi tu, ndugu yangu. Viti si vipo?"

Watu wakacheka. Leander akapauka. "Umemkosea binti huyu hapa."

Pickrell akageuza shingo, akawatazama wanawake kumi na wanne waliojipanga penye pazia. "Yupi?" akauliza.

Leander hakupigana kwa ngumi. Mikono ile haikuwa ya kupigia watu. Aliinama, akakiokota chombo cha shaba cha kutemea tumbaku, kizito kama kengele ya shule na kikiwa na vilivyomo, akakishusha kwenye uso wa Pickrell kama mtu anayegonga muhuri. Pua ilivunjika kwa mlio ambao mezani ulisikika kama mtu amevunja bisikuti. Pickrell alijaribu kuinuka. Leander akampiga tena, juu ya jicho, na mtu yule mkubwa akaenda chini pamoja na kitambaa cha meza, kambale, mchuzi na sahani kumi na mbili, na damu ikatiririka kwenye bakuli la mchuzi hadi mchuzi ukabadilika rangi.

"Sasa wanawake wanaweza kuketi," alisema Leander, akajifuta vidole.

Hakuna aliyeketi. Wahudumu wanne walimbeba Pickrell, mikono ikiburutika, wakamvusha ukanda wa shaba. Na mtu wa kwanza kuchukua beseni la maji na kumfuata alikuwa Verbena Stallworth. Kabla pazia halijaanguka, Leander alimwona ameketi zuliani na kile kichwa chenye damu mapajani.

"Moyo wa huruma ulioje!" alimwambia Gantt.

"Naam," Gantt akasema, akimtazama kwa namna ya pekee. "Umeuona ulivyo."

Jumanne asubuhi Pickrell alitoka nje kuota jua juu ya ngazi ya sitaha. Pua yake ilikuwa kama kiazi, jicho moja limefumba, kipande cha nyama mbichi kimefungwa shavuni. Alipomwona Leander akija na fimbo yake ya kutembelea, alinyoosha mkono.

"Bwana Quillen, mimi sina kinyongo. Nilikaa vibaya, nimekiri. Na kusema ukweli, tangu mama yangu afe sijahudumiwa namna hii. Verbena ananisomea gazeti."

"Nani?"

"Verbena."

"Binti Stallworth!"

"Kasema mwenyewe nimwite hivyo, kwa sababu na pua hii siwezi kutamka Sta... Stall..."

Leander alimchoma kifuani kwa ncha ya fimbo. Ngazi ile ilikuwa na vidato ishirini na viwili na Pickrell alivitembelea vyote, kwa mgongo, kwa goti, kwa paji la uso, hadi sitaha ya chini kwenye mizigo, ambako alimwangukia nyumbu wa mtu. Nyumbu akampiga teke. Mfupa wa bega ukalia kama kuni kavu. Wapakiaji walipomgeuza, mkono wake ulikuwa umeelekea upande ambao mkono hauelekei, naye alikuwa akitapika.

Akavushwa tena.

Safari hii Verbena alisimama kwenye ukanda wa shaba, uso mweupe, madoadoa yamekolea kama yamechorwa kwa kalamu. Leander akavua kofia.

"Usiogope, binti. Hatakusumbua tena."

"Hakuwa akinisumbua," alisema Verbena. Sauti ilikuwa ndogo na kavu. Pazia likaanguka.

Leander alirudi kaunta akitabasamu. Gantt alikuwa akifuta bilauri moja ileile kwa muda mrefu.

"Kaka, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Wewe umeshaingia kule nyuma mara ngapi?"

"Sijaingia. Unajua desturi."

"Na Pickrell?"

Leander akalitazama pazia.

"Mara mbili," Gantt akajibu mwenyewe. "Jana ulimpeleka na pua, leo na bega. Kila ukimpiga, unamlaza mapajani mwa yule binti. Ukimvunja mguu kesho, keshokutwa wataoana. Ungekuwa baba yake usingemtafutia mchumba kwa bidii kuliko hiyo."

Damu ilimpanda Leander hadi masikioni. Kisha uso ukamng'aa.

"Basi na mimi nitajeruhiwa."

"Ala! Njoo, nikusaidie," Gantt akasema, akaichukua chupa kwa shingo.

"Kijeraha tu. Hapa juu ya mkono wa kushoto. Cha kuoshwa."

Mpango wake ulikuwa huu. Kwenye meli alikuwemo Kanali Marcellus Ruddock, mnunuzi wa pamba, mtu wa hasira fupi ambaye vita vilikuwa vimempa kovu shingoni na ruhusa ya kuwa mkali maisha yake yote. Leander angecheza naye na kuiba karata kwa uzembe hadi aonekane. Kanali angemtaka wapigane. Anayetakwa ndiye mwenye kuchagua silaha; kila mtu mtoni alilijua hilo. Leander angechagua bastola yake ya mfukoni, ambayo kwa hatua ishirini haikuweza kumuua njiwa. Mkwaruzo mmoja, ukanda wa shaba, beseni la maji, mapaja. Angalipanga vizuri hivyo kwa ajili ya jambo la maana, leo angekuwa gavana.

Alasiri ile, mbele ya watu, alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu akiwa na miaka kumi na sita. Aliiacha ree ya kopa iteleze kutoka mkono wa koti hadi mezani, wazi, kama mwanamke anayeangusha leso apendwe.

Kanali Ruddock aliitazama ile karata. Akamtazama Leander. Akachukua bilauri yake ya wiski, akammwagia usoni.

Gantt alifumba macho. Kwa maana mtu aliyemwagiwa wiski usoni ndiye aliyetukanwa, na aliyetukanwa ndiye anayepaswa kudai pigano, la sivyo hatakula meza moja na watu kuanzia hapo hadi baharini. Na akidai yeye, mwenye kuchagua silaha ni yule mwingine.

"Naona macho yako yanalia, bwana," Kanali alisema polepole. "Huenda una neno la kuniambia."

Wiski ilimdondoka Leander kidevuni. "Nadai..." alisema. Akaanza tena. "Nadai tupiganie heshima yangu."

"Kwa furaha. Nachagua visu. Mikono ya kushoto ifungwe pamoja."

Nahodha aliitwa. Alikuwa mwekundu kama tangi lake. "Wewe uliniambia unakunywa maziwa! Mwizi wa karata mimi namtupa kwenye mchanga mtupu, na huko atakaa mpaka mamba wamsikitikie. Ila heshima kwanza. Kesho asubuhi tunapakia kuni kisiwani. Nusu saa. Kengele ikilia, mmemalizana au hamjamalizana, mimi naondoka."

Asubuhi ya Jumatano meli ilifunga kamba kwenye kisiwa cha mchanga, kusini mwa Greenville. Wapakiaji wakaanza kupita ubaoni na magogo mabegani. Sitahani abiria walijipanga kama kanisani; waliowahi walipata viti, na wengine walikuja na vikombe vyao vya kahawa. Gantt ndiye aliyefunga mikono miwili ya kushoto kwa kitambaa cha shingo, fundo juu ya fundo.

"Ungemwacha tu Pickrell ale kambale wake," alimnong'oneza Leander, akaondoka haraka.

Kanali hakungoja. Alimvuta Leander kwa kitambaa kama mtu anavyomvuta punda, akamchana kutoka kwapani hadi kitovuni. Hariri ya zambarau ilifunguka kwanza, ngozi ikafuata. Leander alishangaa jinsi damu yake mwenyewe ilivyokuwa ya moto. Maisha yake yote kisu alikuwa amekitumia kukatia ndimu.

"Yatosha, Kanali!" alipiga kelele. "Nimeshajeruhiwa!"

"Bado kidogo," Kanali akasema, na kisu kikaja tena.

Sitahani watu walicheka. Leander alirusha kisu chake ovyo, kikamwingia Kanali pajani na kukwama kwenye mfupa, kikabaki huko. Sasa hakuwa na kitu. Kanali, akiwa na visu viwili, kimoja mkononi na kimoja mguuni, alimvuta karibu hadi Leander akainusa kahawa yake, akakipeleka chuma shingoni. Leander alifanya kile ambacho mwili hufanya bila kuuliza. Alikidaka kwa mkono wa kulia.

Kanali akavuta. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilianguka mchangani, vyeupe, vimepakwa mafuta, vimekunjika kidogo kana kwamba bado vimeshika karata.

Hapo Leander aliacha kuwa mwungwana. Alitoa sauti ambayo nyumbu kule chini aliijibu. Alimrukia Kanali kwa meno, akalikamata sikio, akatikisa kichwa kama mbwa na panya hadi kikasikika kitu kikichanika, akalitema sikio majini. Walianguka pamoja kwenye maji ya goti. Kisu kilimwingia Leander begani, kikatoka, kikaingia tena. Yeye alikuwa juu, mguu mmoja shingoni mwa Kanali, kile kigutu kinachomwaga damu kikimsukuma uso chini, chini, na mapovu yakipanda mekundu, na wanaume wenye vikombe walikuwa wameacha kunywa.

Kengele ikalia.

Gantt ndiye aliyekikata kitambaa. Kanali alitolewa akitapika maji ya mto, akakataa kubebwa, akaenda baa mwenyewe akichechemea na kuweka taulo mahali pa sikio.

"Huyo mwingine abaki hapohapo," nahodha alisema. "Mwizi hapandi meli yangu."

Leander alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, akijaribu kuviokota vidole vyake kwa mkono wa kushoto. Havikushikika. Juu yake akasikia sauti ndogo, kavu.

"Kapteni, huyo ni mlinzi wangu. Ulinipa wewe mwenyewe mbele ya watu. Au kwenye meli yako wanawake husafiri bila mlinzi?"

Nahodha alifungua mdomo, akautazama umati, akaufunga. "Mvusheni," akasema.

Basi alivushwa. Alipita juu ya ukanda wa shaba akiwa ameshikwa miguu na makwapa, akauona ukipita chini yake unang'aa, na mungu wangu, alitabasamu. Walimlaza kwenye zulia. Mama Tunstall alimkalia kifuani, akatia uzi wa magunia kwenye sindano.

"Tulia wewe! Nimeshona magunia yenye adabu kukushinda." Jivu la kiko lilidondoka kwenye kidonda, akalipuliza. Alimshona begani, ubavuni, akavifunga vigutu viwili kwa tapentaini, na Leander alizimia mara mbili na kuzinduka mara mbili. Mara ya pili alipofumbua macho, Verbena alikuwa ameketi kwenye kigoda kando yake na beseni la maji, anamfuta damu usoni. Kila kitu kilikuwa kama alivyokipanga, isipokuwa vidole.

"Alhamisi adhuhuri," alisema kwa kuhema, "kuna mchungaji Natchez."

"Natchez wamejaa wachungaji."

"Huyu ana telegramu yangu. Nimemwita kwa ajili yetu."

Kitambaa kikasimama shavuni pake. "Sisi nani?"

"Mimi na wewe."

"Hukuniuliza, Bwana Quillen."

"Sikupata nafasi."

"Nafasi ya kumvunja mtu pua uliipata."

"Alikukosea!"

"Alikaa kwenye kiti." Alikikamua kitambaa na maji yakawa mekundu. "Unajua kwa nini alikaa? Ijumaa mwenzake alizama kati ya magogo. Hosea alimtafuta majini siku mbili bila kula. Alipouona ule mkate miguu ikamwishia. Mimi niliyajua hayo kwa kuuliza tu. Lilikuwa swali moja."

Leander aliutazama mkono wake uliofungwa.

"Kila ulipotaka kunipendeza, ulimpiga mtu. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikiona. Sasa ukishanipata, tukiwa wawili ndani ya nyumba, na siku hiyo umekasirika na hakuna mtu mwingine karibu, utampiga nani?"

Kutoka kitanda cha pili ikaja sauti ya puani, ya Pickrell: "Bwana Quillen, ukitaka maji ya kunywa, bilauri iko hapa kwangu. Ila itabidi mtu akuletee, mimi mkono hauendi."

Leander aligeuka ukutani. Angependa zaidi apigwe kisu kingine.

Alhamisi adhuhuri Natchez ilikuwa na jua kali na vumbi. Mchungaji alikuwepo gatini, mwembamba, kitabu kwapani, telegramu mkononi. Verbena Stallworth aliteremka ubaoni akiwa amemshika Hosea Pickrell mkono mzima, kwa sababu ule mwingine ulikuwa kwenye tanzi la kitambaa. Mchungaji akawatazama, akaitazama telegramu.

"Ninyi ndio wa harusi?"

"Harusi gani?" akauliza Pickrell. Kisha akamtazama Verbena, na uso wote uliokuwa mzima ukawa mwekundu. "Ipo?"

"Ikiwa imeshaitwa," alisema Verbena, "ni vibaya kumrudisha mchungaji na jua hili."

Juu, kwenye ukingo wa sitaha, Leander Quillen aliyasikia hayo. Mkono wa kulia ulikuwa furushi la bendeji. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa na ile bastola ndogo. Aliitazama. Akalitazama bega pana la Pickrell, mahali palipovunjika. Kisha akacheka, akaitupa bastola mtoni, akavua kofia na kupiga kelele, "Mchungaji, ndiye huyo! Mfungishe ndoa upesi kabla sijamvunja kingine!" Gati zima likaangua kicheko, na Cordelia Vance ikamchukua kuelekea kusini, mwungwana hadi mwisho.

Hapo ndipo nilipokusudia kumaliza, na nilikuwa nimeshaanza kuupuliza wino ukauke.

Lakini bibi yangu, Verbena Pickrell, kumbe amesimama nyuma ya kiti changu mimi mjukuu wake, tangu saa ngapi sijui. Shuleni, bwenini, mtu akikujia kwa nyuma unamsikia viatu, bibi hasikiki. Ameuweka tu mkono wake wa kulia juu ya karatasi yangu, ule ambao kiwiko chake hakikunjiki.

"Umeruka mahali," amesema.

Sawa. Nimekamatwa. Nakiri.

Hakuitupa bastola. Alimlenga babu yangu kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwahi kufundishwa chochote, na bibi aliuona unainuka akasogea hatua moja. Ile risasi niliyosema haiwezi kumuua njiwa ilikivunja kiwiko chake vipande vitano. Alianguka juu ya viatu vya mchungaji. Leander alisimama akiitazama bastola kana kwamba ni ya mtu mwingine, akilia na kusema hakukusudia yeye, hakukusudia yeye. Wapakiaji wakamburuta ngazini kwa miguu, kichwa kikigonga kila kidato, na safari hii hakuna aliyemvusha popote. Bibi aliolewa siku hiyohiyo, amelazwa juu ya marobota ya pamba, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Babu alilia kuliko yeye.

"Kwa nini ulimwandika vile?" bibi ameniuliza.

Nimemwambia ukweli, kwa kuwa leo ni siku ya ukweli. Nimesema babu alikuwa na magogo tu, lakini Leander alikuwa na kizibao cha hariri, na kila alipoingia kwenye habari yangu nilifurahi, na nilipofika gatini sikuweza kumwacha afanye alichofanya.

Nilitegemea kofi, au angalau mahubiri. Bibi ameketi kwanza.

"Na mimi nilimpenda," amesema. "Kutoka Memphis mpaka ile meza ya chakula. Andika na hilo."

Nimeandika.